Boti Iliyokataa Kunywa

Wiki iliyopita, kwenye kituo cha mafuta cha Ukunda, harufu mbili zilinijia kwa pamoja nikasahau nilichokwenda kufanya. Ya kwanza ilikuwa ya petroli, na hiyo pale si ajabu. Ya pili ilitoka kwenye chupa ya plastiki aliyoipakata mzee mmoja ndani ya tuktuk, chupa isiyo na kifuniko, imezibwa kwa kipande cha nailoni. Mlikuwa na mafuta ya papa. Sisi wa pwani tunayaita sifa, na asiyeyajua ashukuru Mungu wake, maana yakikugusa nguo mara moja, sabuni za duka zima zitakwisha na harufu ipo. Tuktuk ikaondoka na mzee wake. Mimi nikabaki nimesimama, macho wazi, sipo pale, hadi kijana wa pampu aliponigutua: "Madam, songa basi, kuna watu nyuma."

Kabla sijaendelea, naomba niwaeleze habari ya pua yangu. Utotoni ilikuwa kubwa kuliko umri wangu. Wenzangu wa madrasa waliniita Mapua, na Mama, badala ya kunitetea, alinifanyia kazi: samaki akitiliwa shaka, ninaitwa ninuse, tui likikaa sana, ninaitwa. Nawaambia haya mapema ili nikifika kule mbele msinione mzushi.

Tulikaa kijiji kimoja upande wa Shimoni, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unakiona kisiwa cha Wasini kimelala ng'ambo, na maji ya katikati yametulia mpaka unatamani kuyakanyaga. Baba alikuwa mpishi hotelini Diani, tukimwona mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Babu Hamisi, babake Mama.

Babu alikuwa fundi wa kukalafati. Ndiyo ile kazi ya kuziba nyufa za vyombo vya mbao kwa pamba iliyolowa mafuta ya papa, ukaishindilia kwa patasi butu na nyundo, kisha ukapaka juu yake deheni, yaani chokaa iliyopondwa na mafuta. Aliifanya tangu ujana wake. Nilipopata akili zangu, vyombo vya mbao vilikuwa vimepungua na macho yake yameingia ukungu, lakini vidole havikustaafu. Akikaa barazani, vilipapasa ubao wa kiti, vikapapasa fremu ya dirisha, vikitafuta ufa. Mlango wetu wa uani aliuziba kila palipopenya mwanga, na msimu wa mvua ukavimba, ukawa haufunguki. Tukatokea dirishani siku nzima, Mama akicheka na kulalamika kwa pamoja. Babu mwenyewe alinuka mafuta ya papa hata akitoka kuoga kwa ajili ya Ijumaa. Kwangu mimi hiyo haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya mtu kuwepo nyumbani.

Chini ya kitanda chake mlikuwa na kasha dogo. Ndani yake aliweka sanda yake, karafuu maiti, kichupa cha marashi na furushi la pamba, vyote alivyojinunulia mwenyewe, ili siku yake ikifika asihangaishe mtu. Wazee wengi wa kwetu hufanya hivyo na hakuna anayeona kioja. Niliruhusiwa kufagia chini ya kitanda, ila kasha nisiliguse.

Sasa hiyo boti. Ililetwa na mradi fulani, wakapewa akina mama wa kijijini wanaolima mwani kwenye fungu la mchanga huko nje. Mwani hufungwa kwenye kamba, ukakua chini ya maji, na wakati wa bamvua, siku zile maji yanapokupwa sana, fungu huwa wazi na wanawake huenda kuvuna. Zamani walirudi na magunia vichwani, maji yakiwafika kifuani, maji yakirudi kwa haraka kuliko wao. Boti ilikuwa ya faiba, nyeupe pe, ina injini ya kufunga nyuma na tangi lililojengewa ndani chini ya kiti. Ilipoulizwa nani atajifunza kuiendesha, Mama aliinua mkono. Alisema yeye ndiye aliyechoka kuliko wote.

Si kila mtu alifurahi. Bakari, jirani yetu aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za watalii, aliitaka aiendeshe yeye, na baadhi ya wanawake wenyewe walimuunga mkono, wakisema bahari haina huruma na mtu anayejifunza. Bi Mwanaidi, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, ndiye aliyekata shauri. Mama ataiendesha bamvua ya kwanza. Akileta mwani salama, boti iko mikononi mwake. Akishindwa, Bakari aichukue, na maneno yaishe.

Na Babu? Boti ikitajwa, alishika bakora yake akatoka. Siku ya dua, tulipofukiza ubani ndani ya boti na masinia ya wali yakapangwa ufuoni, hakuja. Mama alimbakishia sahani yake. Jioni aliikuta vile vile, imefunikwa, haijaguswa. Akaila yeye, amesimama jikoni, anatazama ukutani. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba hasikii ladha yake.

Asubuhi ya bamvua niliamshwa alfajiri nikapelekwa ufuoni ningali nusu usingizini. Nayakumbuka yote kupitia usingizi ule: mchanga baridi, mbingu ya rangi ya maziwa, wanawake wakishuka na leso zao wakitembea kuyafuata maji yanayojitoa, sauti zao zikipungua hadi zikawa vicheko tu vya mbali. Wao walikwenda kwa miguu. Mama alitakiwa kupita na boti kwenye mkondo wenye kina, akawangoje ukingoni mwa fungu. Boti ilikuwa inaelea bado, maji ya kiunoni. Lakini ilibidi iondoke upesi, kwa sababu maji yakikupwa zaidi ingekaa mchangani hadi alasiri, na alasiri bahari ingekuwa imerudi kufunika fungu pamoja na magunia.

Mama alifungua mdomo wa tangi, akatia faneli, akainua mtungi wa petroli. Mikupuo ya kwanza iliingia. Halafu tangi likaguna, likapandisha petroli juu, likamtemea kifuani.

Akapangusa, akangoja, akamimina tena polepole. Likatema. Akamimina kwa uzi mwembamba, amebana pumzi. Petroli ikajaa kwenye faneli ikasimama pale, inatutazama, haishuki.

"Imeshiba," Bakari akasema. Alikuwa amekuja mapema kuliko alivyohitajika, amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, miguu inaning'inia. Pembeni yake, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameketi Babu, mikono juu ya bakora, sikio limeelekea majini. Hakuna aliyemwalika.

"Itashibaje?" Mama akamjibu. "Juzi tumeirudisha ikiwa haina hata tone la kuchovya kidole."

Bi Mwanaidi, ambaye hakuweza kutembea hadi fungu kwa sababu ya magoti, alikuwa na maelezo yake. Alisema hicho ni kitu kimekaa humo ndani ya tangi, ubani umekikasirisha, na dawa yake ni kikombe kimoja cha maji ya kombe yaliyosomewa. Mama akamwambia, "Bi Mwanaidi, ukitia maji kwenye tangi la petroli, hapo sasa ndipo shetani atakapoingia." Hata Bakari akacheka.

Ikapigwa simu, na Kevo akaja na pikipiki. Kevo alikuwa fundi wa injini, mtu wa bara aliyehamia Ukunda, na siku ile alikuwa na kazi karibu. Alikuwa na roho nzuri na haraka nyingi. Akaingia majini na suruali yake. Akachomoa mpira unaopeleka petroli kutoka mdomoni hadi kwenye tangi, akaukagua kama umejikunja, haukujikunja. Akachungulia kama mna uchafu, hamna. Akaurudisha, kisha akaweka mdomo wake mwenyewe kwenye mdomo wa tangi akapuliza. Mashavu yakamtuna, macho yakamtoka, na pumzi yote ikamrudia na petroli ndani yake. Akatema mate hadi machozi yakamtoka.

"Mathe, hii kitu imegoma," akasema. "Wacha tutoe mpira wa injini, tuuchovye tu ndani ya mtungi. Itaenda tu."

Mama akakataa. Alisema hawezi kuwapakia wenzake na magunia mabichi huku mtungi uko wazi miguuni mwao, wimbi moja liumwage. Alisema kama ndiyo kuanza kazi, hataianza hivyo. Nilimwona akitazama maji. Yalikuwa kiunoni tulipofika, sasa yalinigusa mimi mapajani, na mimi nilikuwa mfupi. Sehemu ya nyuma ya boti ilianza kugusa mchanga, ikatoa mlio mdogo, kwaru, na kila mtu akausikia. Bakari akaruka chini kutoka kwenye ngalawa, akaanza kukunja suruali yake taratibu, mtu anayejiandaa.

"Pumzi imemrudia," Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria zake. "Imemrudia. Kwa hivyo haina pa kutokea. Debe la mafuta ukilitoboa tundu moja halimimini. Mpaka utoboe la pili." Akamgeukia Kevo. "Yule mwalimu wa mradi alituonyesha tundu dogo ubavuni. Alisema tangi linavutia pumzi hapo. Liko wapi?"

Wakalitafuta. Wakazunguka boti yote, wakapapasa, Kevo upande huu, Mama upande ule. Ubavu ulikuwa mweupe, laini, hauna hata alama. Kevo akasema labda mwalimu alizungumzia boti nyingine. Mama akaanza kutilia shaka kumbukumbu yake, niliona kwenye midomo yake.

Mimi wakati huo nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeegemea boti, shavu langu juu ya faiba yenye ubaridi mzuri, jua la kwanza liko mgongoni, na nafikiri nililala kidogo nimesimama. Katika usingizi ule nikasikia niko nyumbani. Niko barazani, mtu wangu yuko karibu, na hakuna kitu kibaya kinachoweza kutokea. Nikafumbua macho. Pua yangu ilikuwa imegusa ubavu wa boti.

Nikamvuta Mama leso. Akainama. Nikamnong'oneza sikioni, "Mama, hapa kunanuka Babu."

Akanitazama. Akaweka pua yake pale ilipokuwa yangu. Alikaa hapo muda, hajitikisi, na sikuelewa kwa nini macho yake yalijaa. Kisha akachomoa pini kwenye mtandio wake, akakwangua. Kumbe weupe ule haukuwa faiba. Ulikuwa deheni, imepakwa na kusuguliwa kwa ustadi hata ikawa kitu kimoja na boti. Chini yake palikuwa na tundu la kuingia kidole kidogo, limeshindiliwa pamba. Mama aliivuta kwa pini, ikachomoka kidogo kidogo, ndefu, imesokotwa vizuri, imekolea mafuta ya papa. Ilipotoka ncha ya mwisho, tangi likashusha pumzi. Naapa lilishusha pumzi, ndefu, ya petroli, na sote tukaisikia.

"Nini hicho?" Bakari akauliza kutoka ufuoni.

Mama alikuwa ametupa mgongo. Akaifinya ile pamba ndani ya kiganja, akaifunga kwenye pindo la leso yake kwa fundo.

"Nyigu," akajibu. "Wamejenga kwenye tundu."

Nikafungua mdomo nimsahihishe, maana tulifundishwa kusema kweli, na nikakanyagwa mguu chini ya maji. Petroli ikaingia hadi mtungi ukaisha, bila hata kuguna. Kevo akapiga makofi. Boti ilikuwa imeshakaa nusu mchangani, na ikabidi tusukume: Mama, Kevo, mimi, Bi Mwanaidi na magoti yake akimuita Mtume, na mwishowe Bakari naye, kwa sababu ni vigumu kwa mtu wa bahari kutazama chombo kikisukumwa na yeye amekaa. Ikaelea. Injini ikashika. Mama akaondoka akiwa amesimama, hakugeuka nyuma, na boti ikawa ndogo, nyeupe, ikapotea ndani ya mng'ao.

Alirudi mchana na magunia yote, wanawake wamekaa juu yake wakiimba nyimbo za harusi. Bakari alipokea kamba akaifunga, akasema, "Hongera, dada," na alimaanisha.

Jioni ile, tukila, Babu aliuliza swali lake la kwanza kuhusu boti.

"Lile tundu la ubavuni lina kazi gani?"

"La kupumulia, baba. Tangi likikosa pumzi halinywi."

Babu akatafuna. "Basi wale nyigu hawakujua," akasema.

"Hawakujua, baba," Mama akajibu, akamwongezea mchuzi.

Nyie mnaosoma mmeshaelewa, na mimi nawaonea wivu, kwa sababu niliyekuwepo sikuelewa kitu. Nilichokielewa, nikiwa na akili zangu zote za mtoto wa madrasa, ni kwamba Babu aliiziba boti ili Mama ashindwe. Mambo si yalikuwa wazi? Hakuitaka boti. Hakuja kwenye dua. Nikamnunia. Nikajipa kazi ya askari: kila bamvua ilipokaribia, Babu alikwenda ufuoni peke yake akipapasa njia kwa bakora, na mimi nyuma yake. Alikuwa akichomoa chelewa kwenye ufagio, akaitia kwenye lile tundu, akaizungusha, akaichomoa, akapuliza. Kisha aliweka sikio. Mimi nilisimama pale nimekunja mikono, nikihakikisha hazibi tena. Nadhani alijua niko. Siku moja aliniambia, bila kugeuka, "Mapua, njoo unuse kama pasafi." Nikanusa. Nikamwambia pasafi. Hata hapo sikuelewa.

Miaka ikaenda. Mama akaiendesha boti ile hadi jina la nahodha likawa lake hata kwa wasiompenda. Babu akafariki nikiwa nimeanza sekondari, mchana wa kawaida, usingizini, bila kumhangaisha mtu kama alivyotaka. Nyumba ikajaa. Mama akanituma kasha, na kwa mara ya kwanza nikalivuta kutoka chini ya kitanda kwa mikono yangu.

Tulilifungua pamoja. Sanda ilikuwapo, imekunjwa. Karafuu maiti ilikuwapo, na marashi. Furushi la pamba lilikuwapo, limefungwa kwa uzi, lakini lilikuwa jepesi. Mama akalifungua. Mlikuwa na pamba kidogo tu, haitoshi kumstiri mtu.

Waoshaji walikuwa wanangoja. Mama akalishika lile furushi kwa mikono miwili, akaliweka usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Niliogopa. Nikamuuliza pamba nyingine imekwenda wapi.

"Iliingia kwenye boti yangu," akasema. "Nenda dukani haraka, mwanangu, ukamnunulie babu yako pamba."

Nilikimbia. Na ni njiani, viatu mkononi, mchanga wa moto ukiniunguza nyayo, ndipo nilipomwona. Nilimwona mzee asiyeona vizuri akishuka ufuoni peke yake, watu wote wamelala mchana. Anaipapasa boti ya binti yake kutoka mbele hadi nyuma, anatafuta ufa wa kumzibia, maana hilo ndilo alilojua kumfanyia mtu anayekwenda baharini. Na boti haina ufa. Haina ubao, haina mshono, ni laini yote, haimhitaji. Anarudia mara ya pili. Kisha kidole chake kinaangukia kwenye tundu. Anarudi nyumbani, anavuta kasha, na kwa kuwa dukani siku hizo aliona pamba ni mbovu, anachukua ile aliyojiwekea yeye.

Mwenye duka aliniuliza nataka pamba ya nini. Nikamwambia ya Babu. Akaipima akanifungia, akanipa pole, na mimi nikaiweka puani, pale pale mbele ya watu, nikainusa. Haikuwa na harufu yoyote.